Kisingizio cha Mbaazi

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii tulikuwa tukiwafundisha watoto wa darasa la nne, nao waliielewa upesi, kwa maana huku kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ni wachache wasiozijua mbaazi zinazopandwa katikati ya mahindi. Wanaoisahau ni watu wazima. Kila yanapomalizika mashindano ya dunia ya mbio za nyika na majina ya Wakenya, Waethiopia na Waganda kusomwa redioni, husikika kauli ileile kuanzia Sakina hadi Usa River: "Wale wenzetu wamezaliwa kukimbia. Ni damu. Sisi tutawaweza wapi?" Kauli hiyo ikitoka kwa muuza duka naweza kuipisha. Ikitoka kwa mwalimu au kwa kiongozi wa michezo siwezi kuipisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekabidhiwa shamba, na haifai mwenye shamba naye aanze kulisingizia jua.

La kushangaza ni kwamba kauli hii haisemwi na sisi peke yetu. Wamarekani nao wameisema kwa miaka mingi. Taifa lenye fedha, lenye vyuo vikuu vyenye viwanja vya kila aina, lenye madaktari wa kupima pumzi na damu ya mkimbiaji, limekaa likijiuliza kama vijana wake wana matumaini yoyote mbele ya watu wa Bonde la Ufa. Nimeona ni vema kuanzia kwao, kwa sababu safari yao inatufundisha jambo ambalo hatupendi kulisikia.

Kwanza tuelewane mbio za nyika ni nini. Si mbio za barabarani wala za uwanjani. Watu hukimbia juu ya majani, matope, vilima na makorongo, na siku hizi watu wazima, wanaume kwa wanawake, hukimbia kilomita 10 kwenye mashindano ya dunia. Utaratibu wa kuwa sawa wanaume na wanawake ulianza Kampala mwaka 2017. Mshindi hupata medali yake, lakini kuna medali nyingine ambayo wengi wetu hatuifuatilii, nayo ni ya timu. Kila nchi hupeleka wakimbiaji sita. Nafasi za wanne wa kwanza kutoka nchi hiyo hujumlishwa, na nchi yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Aliyeshika nafasi ya 3 huleta alama 3, aliyeshika nafasi ya 40 huleta alama 40. Kwa hiyo nchi yenye nyota mmoja na watatu dhaifu haifiki popote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mbio za nyika zimeigeuza methali hiyo kuwa hesabu.

Sasa turudi kwa Wamarekani. Mashindano haya yalianza mwaka 1973 kule Waregem, Ubelgiji. Craig Virgin, Mmarekani, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1980 mjini Paris na tena mwaka 1981 mjini Madrid. Lynn Jennings, naye Mmarekani, aliwashinda wanawake wa dunia nzima mara tatu mfululizo, 1990, 1991 na 1992. Kisha likaja wimbi. Kenya ilitwaa ubingwa wa timu ya wanaume kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, miaka 18 bila kukosa. Hapo ndipo Wamarekani wengi walipoanza kuongea lugha ya mbaazi, kwamba Mkenya ana miguu myembamba ya namna yake, kwamba amezaliwa mlimani, kwamba alikimbia kwenda shule tangu utotoni, na kwa hiyo mzungu wa Ohio hana la kufanya.

Lakini si wote walioinua mikono. Wako walimu wa mbio waliowakusanya vijana wao, wakawapeleka kuishi kwenye miinuko kama ile ya Flagstaff, Arizona, yenye mita kama 2,100 juu ya bahari, wakawakimbiza kwa makundi, si mmoja mmoja. Mwezi Machi 2013, mjini Bydgoszcz, Poland, mshindi wa mbio za wanaume alikuwa Japhet Korir wa Kenya, kijana mdogo mno. Wamarekani hawakupata medali hata moja ya mtu binafsi. Nafasi zao zilikuwa za 6, 10, 17 na 19. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji, utapata 52. Ethiopia ilikuwa na 38 ikachukua dhahabu. Kenya, yenye bingwa wa dunia, ilikuwa na 54. Wamarekani wakapanda jukwaani nafasi ya pili, juu ya Kenya, kwa tofauti ya alama mbili.

Sisemi kwamba tangu siku ile Marekani imekuwa mfalme wa nyika. Hata mashindano yalipofanyika kwao Tallahassee, Florida, mwezi Januari 2026, mshindi wa wanaume alikuwa Jacob Kiplimo wa Uganda, na wa wanawake alikuwa Agnes Ngetich wa Kenya. Ninalosema ni kwamba siku ile ya Bydgoszcz hakuna aliyekuwa amebadilisha damu yake. Watu wanne wasio mabingwa walikataa kuachwa mbali, basi.

Sasa tuje nyumbani, maana huko ndiko ninakokusudia kufika.

Kuna vijana hapa Arusha wasiojua kwamba iko siku Wamarekani walitushangaa sisi kama sisi tunavyowashangaa Wakenya. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alitoka mbele tangu bunduki ilipolia na hakuna aliyemfikia, si John Walker wa New Zealand, wala Ben Jipcho wa Kenya aliyekuwa wa tatu. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mmarekani, Jim Ryun, iliyokuwa imedumu tangu 1967. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili, dakika 3 sekunde 51.0, nayo ilikuwa ya Ryun yuleyule. Mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya Moscow, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui, mtoto wa Mara, akapata fedha katika mita 5,000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Tena Nyambui huyo, mwaka huohuo wa 1980, akiwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ndiye aliyekuwa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Chuoni hapo walikuwapo pia Gidamis Shahanga wa Katesh na Zakaria Barie. Shahanga alikuwa ameshachukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na mwaka 1982 mjini Brisbane akachukua ya mita 10,000, Barie akiwa wa pili nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde. Siku iliyofuata miaka saba baadaye... lakini sitaki kuwachosha kwa orodha. Itoshe kumtaja Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1, na John Yuda, aliyeshika nafasi ya pili ya dunia katika mbio za nyika mjini Dublin mwaka 2002, nyuma ya Kenenisa Bekele peke yake.

Basi namuuliza yule anayesema ni damu: damu ya Watanzania ilikuwa ipi mwaka 1974, na imekuwa ipi sasa? Wajukuu wa kizazi kile ndio wanaokaa madarasani mwetu leo. Hakuna mvua iliyonyesha ikaosha damu yao.

Hoja ya damu ina pengo hata ukiifuata hukohuko Kenya. Wanaotuambia kwamba siri ni Ukalenjin wamemsahau John Ngugi. Huyu alikuwa bingwa wa dunia wa nyika mara tano, nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989 na tena 1992, naye ni Mkikuyu. Mkikuyu pia ni Catherine Ndereba, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, na alikuwa Mkikuyu Samuel Wanjiru, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008. Wakikuyu si Wakalenjin, ni Wabantu, kama walivyo Wameru wa hapa kwetu na Wachaga wa jirani.

Mtu akikaza shingo na kusema bado ni Ukalenjin, namjibu hivi. Wadatoga wa Hanang, wale tunaowaita Wabarabaig, lugha yao ni ya ukoo mmoja na lugha za Wakalenjin. Wataalamu huziweka zote katika kundi moja la Waniloti wa Kusini. Basi moja kati ya mawili. Ama damu si kitu, na hivyo hatuna udhuru; ama damu ni kitu, na damu hiyo tunayo Katesh na Basotu, na hivyo hatuna udhuru vilevile. Mlango wa tatu siuoni.

Watazameni Waganda. Mwaka 2017 mashindano ya dunia yalikuja Kampala. Kijana wao Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya watu wake, umati ukimshangilia, kisha katika mzunguko wa mwisho miguu ikamwishia, akapitwa na kundi zima, akamaliza wa 30. Mshindi alikuwa Geoffrey Kamworor wa Kenya. Laiti Waganda wangekuwa wapenzi wa mbaazi, pale walikuwa na jua la kutosha kulisingizia. Miaka miwili baadaye, mjini Aarhus, Denmark, katika njia iliyowapandisha wakimbiaji hadi juu ya paa la jumba la makumbusho lililooteshwa majani, Cheptegei alishinda, Kiplimo akawa wa pili, na wenzao wakamaliza wa 7 na wa 10. Alama 20. Kenya 43, Ethiopia 46. Najua kuna atakayesema kwamba Wasebei wa Kapchorwa ni ndugu wa Wakalenjin. Ni kweli. Lakini walikuwa ndugu zao hata mwaka 1973, na kwa miongo minne na zaidi undugu huo haukuwapa dhahabu ya timu. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni watu kuitumia.

Kisingizio cha pili ni mlima. Ati wenzetu wanaishi juu, hewa ni nyepesi, mwili unazoea kubeba hewa zaidi katika damu. Hili ni la kweli katika sayansi, ndiyo maana Wamarekani wanapanda Flagstaff. Lakini tafadhalini, nani anayeishi Arusha athubutu kulalamika kwamba amekosa mlima? Mji wetu uko kwenye mita kama 1,400. Nyuma yetu Meru inasimama mita 4,562. Mtu akitoka Ngaramtoni kwa miguu akapandisha kuelekea Olmotonyi, kwenye misitu ya miti ya kupandwa, anaukwea mwinuko ambao mzungu hulipia nauli ya ndege ili aupate. Karatu na Mbulu ziko juu kuliko Arusha. Kule Hanang kuna mlima mwingine wa zaidi ya mita 3,400. Mlima tunao wa kutosha, ila haujawahi kumtoa mtoto darasani ukamfundisha kukimbia.

Na tukumbuke Mombasa. Mwezi Machi 2007 mashindano haya yalifanyika pale pwani, usawa wa bahari, katika joto na unyevu. Bekele, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alishindwa kumaliza. Mshindi alikuwa Zersenay Tadese wa Eritrea, nchi ndogo iliyotoka vitani juzi. Hakuna aliyezaliwa na ushindi mfukoni.

Kama si damu wala si mlima, ni nini? Nitajibu kama mwalimu, kwa kuwa sikusomea kitu kingine. Jibu langu ni shule.

Mwaka 1976 alifika Iten, katika shule ya wavulana ya Mtakatifu Patrick, bruda mmoja wa Ireland, Colm O'Connell. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa na cheti cha kufundisha riadha. Alichofanya ni kuwatazama wanafunzi wake kwa makini, kuwakimbiza, na kubaki. Hakuhama baada ya mwaka mmoja wala miwili. Katika mikono yake wakapita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na baadaye David Rudisha, bingwa wa mita 800. Natamani kila mwalimu wa Tanzania alifikirie jambo hili usiku mmoja kabla ya kulala: mwalimu wa jiografia, asiye na ujuzi wowote wa riadha isipokuwa macho na uvumilivu, alitengeneza mabingwa wa dunia katika kijiji kisichokuwa na uwanja wa maana.

Sisi tulikuwa na ngazi ya kupandia. Mtoto wa shule ya msingi alianzia mashindano ya kata, akaenda tarafa, wilaya, mkoa, hadi UMITASHUMTA ya taifa. Wa sekondari alikuwa na UMISSETA. Ngazi ilikuwa na mbao zilizolegea, lakini ilikuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yakasimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanavuruga masomo. Baadaye yalirudishwa, lakini mwalimu yeyote atakuambia kwamba kitu kilichokatwa shina hakirudi kwa tangazo. Walimu wa michezo walikuwa wamepangiwa vipindi vingine. Viwanja vilikuwa vimepata wenyewe wapya.

Hilo la viwanja nalijua kwa macho yangu. Katika shule moja niliyoiongoza, mteremkoni mwa mlima huu, tulikuwa na kiwanja cha majani ambacho wazazi walikisafisha kwa mapanga yao wenyewe. Siku moja nikaitwa kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaambiwa kwamba upande wa barabarani wa kiwanja kile utajengwa fremu za maduka ili shule ipate kipato. Niliandika barua tatu za kupinga. Fremu zilijengwa. Kipato hicho sikuwahi kukiona katika hesabu za shule, na kiwanja kilichobaki hakikutosha hata kuruka kamba.

Miaka hiyohiyo nilikuwa na mwanafunzi, binti wa Kimeru, mwembamba, mkimya. Katika mashindano ya tarafa alikimbia peku na kuwaacha wenzake mbali kiasi kwamba mwalimu aliyekuwa mwishoni na saa alidhani amekata njia, akataka kumwondoa. Watoto waliosimama kwenye kona zote walishuhudia kwamba hakukata. Tulimpangia mashindano ya mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata mashindano hayakuwapo, akamaliza darasa la saba, akaenda zake. Huwa namwona soko la Tengeru siku za mnada akiuza ndizi, mama wa watoto wanne, na biashara yake ni ya heshima. Hainiumizi kwamba anauza ndizi. Inaniuma kwamba hakuna mtu katika nchi hii anayejua binti yule alikuwa na kasi gani, wala yeye mwenyewe hajui. Ni wangapi kama yeye kati ya Oldonyo Sambu na Kikatiti? Anayesema hatukuzaliwa kukimbia, aniambie kwanza aliwapima lini.

Hapa kuna watakaoniinukia na kusema: "Mwalimu, mbona tunashinda? Humjui Simbu?" Namjua, na nilisimama mbele ya televisheni nikapiga makofi kama mtoto. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, askari wetu wa JWTZ, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Baada ya kilomita 42 alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Gabriel Geay alikuwa wa pili Boston mwaka 2023, na Magdalena Shauri wa tatu Berlin mwaka huohuo kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 41. Hawa nawavulia kofia.

Lakini ndiyo sababu nimechagua kuandika juu ya nyika na si juu ya marathoni. Marathoni inaruhusu taifa kujificha nyuma ya mtu mmoja. Simbu akishinda, sote tumeshinda, na hakuna anayeuliza yuko wapi wa pili, wa tatu na wa nne. Nyika inauliza. Nyika inamsimamisha mwalimu mkuu, afisa elimu na kiongozi wa riadha na kuwaambia: leteni wanne. Ukiwa na Simbu mmoja aliyeshika nafasi ya 1 na wenzake wakashika za 50, 60 na 70, una alama 181, na Wamarekani wenye nafasi zao za 6, 10, 17 na 19 wanakupita bila hata kukuona. Mtu mmoja aliyefanikiwa licha yetu si ushahidi kwamba tunafanya kazi. Mara nyingi ni ushahidi wa ukaidi wake yeye na wa mwalimu wake.

Tena tunawakosea vijana kwa namna nyingine. Kijana wa miaka 19 anayeanza kuonyesha kipaji hana njia ya kupitia, hivyo hukimbilia barabarani kwenye marathoni za zawadi, kwa sababu huko ndiko kuna fedha ya kodi na ya unga. Simlaumu, njaa haina mwalimu. Lakini miguu yake ilihitaji miaka kadhaa ya majani na vilima kabla ya lami. Paul Tergat wa Kenya alikuwa bingwa wa nyika miaka mitano mfululizo, 1995 hadi 1999, kabla hajaja kuvunja rekodi ya dunia ya marathoni mwaka 2003. Wetu tunawachuma wakiwa mbichi.

Nitaambiwa kwamba nchi haina fedha. Hapa Arusha, kata ya Olmoti, tuliamua kujenga uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027. Siupingi, mpira una wapenzi wake nami nautazama. Ila aliyeweza kuamua hilo asiniambie ameshindwa kununua chokaa. Maana mbio za nyika, ndugu zangu, ndiyo michezo ya maskini kuliko yote. Haitaki lami, haitaki viti, haitaki nyavu wala taa. Inataka eneo la majani na kilima, mfuko wa chokaa, kamba, saa moja ya kuhesabia sekunde, daftari, na sufuria ya uji kwa watakaomaliza. Hata viatu mtoto anaweza kuvikosa kwa kuanzia.

Wengine watasema mtihani ndio muhimu, mzazi anataka ufaulu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alituandikia Elimu ya Kujitegemea, nasi tuliokuwa tukielekea vyuo vya ualimu miaka ile tuliisoma mpaka kurasa zikachanika. Tulichoelewa ni kwamba shule inayomtazama mtoto kama kichwa cha kujaziwa majibu ya mtihani haijamtazama mtoto. Isitoshe, sijaona ushahidi kwamba miaka ile tuliyoacha kukimbia ndiyo tuliyofaulu sana hesabu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji kibali cha Dodoma. Kila kata ichague Jumamosi moja kwa mwezi. Kila shule ilete wavulana sita na wasichana sita, kilomita mbili kwa wadogo, nne kwa wakubwa. Wahesabiwe kwa utaratibu wa timu, nafasi za wanne zijumlishwe. Msimpe zawadi mshindi peke yake. Mkifanya hivyo mtaona jambo ambalo mashindano ya mmoja mmoja hayalionyeshi: shule nzima itaanza kumshangilia yule mtoto wa nne, mnene kidogo, anayehema kwenye kilima cha mwisho, kwa sababu nafasi yake ndiyo itakayoamua. Matokeo yaandikwe daftarini na daftari lisipotee, mwalimu akihamishwa amkabidhi mwenzake kama anavyokabidhi funguo za stoo. Miaka kumi ya madaftari hayo itatuambia kuhusu damu yetu zaidi ya wazee wote wanaokunywa kahawa pale Kilombero.

Nawaambia haya hasa walimu wakuu wenzangu mlio kazini. Msingoje chama cha riadha, wala msingoje mfadhili. Mmarekani mwenye maabara na mahema ya kulalia alipoacha kusingizia damu ya jirani, alipata watu wanne wa kumtosha kwa siku moja. Mganda alipata wanne waliomtosha kuwa bingwa. Sisi tuna mlima, tuna majani, tuna watoto ambao hata leo asubuhi wamepandisha makorongo kuelekea shuleni na madaftari kichwani. Mvua za masika zikikatika majani yatakuwa mafupi ya kukimbilika. Nunueni chokaa.